Sanduku Linalolala: Namna ya Kuihesabu na Kuilinda Kura ya Mapema Zanzibar

Kura ya mapema Zanzibar hupigwa siku moja kabla ya siku ya uchaguzi. Iliingia kwa Sheria ya Uchaguzi Namba 4 ya mwaka 2018, ikatumika mara ya kwanza tarehe 27 Oktoba 2020, ikarudi tena tarehe 28 Oktoba 2025. Si kura ya kila mtu. Imewekewa wale ambao siku yenyewe watakuwa kazini: wasimamizi wa uchaguzi, wasimamizi wa vituo na makarani wao, watendaji wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar (ZEC), na askari watakaolinda vituo. Sababu yake inaeleweka. Askari aliyeandikishwa Makunduchi akipangiwa lindo Nungwi, hawezi kuwa pahala pawili kwa saa moja.

Ugomvi wake nao unaeleweka. Wengi wa wanaopiga kura siku hiyo ni watu wa vikosi, na raia wa kawaida hawamo. Sanduku halihesabiwi jioni ile ile. Linalala, likasubiri kura za siku ya pili. Na Zanzibar imeshawahi kuamuliwa kwa kura chache mno. Mwaka 1995 Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa Rais kwa asilimia 50.2 dhidi ya asilimia 49.8 za mgombea wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad. Mwaka 2010 Dk. Ali Mohamed Shein alipata kura 179,809 na Maalim Seif kura 176,338. Tofauti ni kura 3,471. Zigawe kwa majimbo 50 ya wakati huo, unapata kura 69 kwa jimbo. Kituo kimoja cha kura ya mapema kikiwa na watu mia, kimeshaipita tofauti hiyo. Anayesema "hizo ni kura chache, ziacheni" hajapiga hesabu.

Maelekezo haya ni ya mawakala wa vyama vyote, waangalizi wa ndani, na yeyote ambaye usiku ule atakaa barazani akiulizwa na watu "wamepiga wangapi?" Kazi nzima inarudi kwenye namba tatu: waliomo kwenye orodha, waliopiga, na karatasi zilizomo sandukuni. Namba hizo zikiandikwa kwa wakati wake, na kila upande ukawa nazo kwa mkono wake, uvumi hukosa pa kushika. Zisipoandikwa, kila maskani, yaani kila kijiwe cha wafuasi wa chama, hutunga zake.

Wiki mbili kabla: barua, si maneno

Mwandikie msimamizi wa uchaguzi barua moja yenye maswali manne. Vituo vya kura ya mapema katika jimbo hili ni vipi? Vituo hivi ni vichache kuliko vya kawaida, na wakala aliyezoea skuli ya mtaani kwake anaweza kukesha kwenye kituo ambacho siku hiyo hakifunguliwi. Waliomo kwenye orodha ya kila kituo ni wangapi, na orodha yenyewe wakala ataiona lini? Sanduku litalala wapi, na nani atashika ufunguo? Na waliopiga kura ya mapema watawekewa alama gani kwenye daftari la wapiga kura litakalotumika siku ya pili?

Toa nakala mbili. Moja iache, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, iandikwe tarehe na saa. Muhuri huo ndio barua yenyewe. Bila yake umezungumza tu. Ukinyimwa majina kwa hoja ya usalama wa askari, usigombane: omba idadi kwa kila kituo. Idadi haina siri ya mtu ndani yake, na kwa kazi ya wakala inatosha kwa sehemu kubwa.

Swali la nne ndilo linalosahauliwa kuliko yote, na ndilo lenye uzito. Khofu kubwa ya watu juu ya kura ya mapema ni mtu kupiga leo na kurudi kesho. Kinga zake ni mbili, wino wa kidoleni na jina kukatwa kwenye daftari la kituo chake cha kawaida. Wino ni kinga ya kwanza, lakini jina ndilo kinga ya kweli, kwa sababu jina halioshwi.

Pamoja na barua hiyo, peleka majina ya mawakala kwa muda uliowekwa na Tume, na hakikisha kila mmoja amekula kiapo cha kutunza siri na ana kitambulisho chake mkononi kabla ya siku. Vyama vingi hupeleka mawakala wazuri siku ya uchaguzi na kuwabakisha wanafunzi kwa kura ya mapema. Ni kosa. Siku ya mapema wakala anakaa chumbani na wapiga kura ambao karibu wote ni askari au watumishi, watu waliozoea kuamrisha. Panahitaji mtu mzima, mwenye sauti ya chini, asiyetikisika, anayejua kuandika upesi. Walimu wastaafu hufaa sana.

Usiku wa vifaa

Saa mbaya kabisa ya shughuli hii inakuja kabla kituo hakijafunguliwa, pale vifaa vinaposambazwa. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Oktoba 2020 ghasia za Pemba zilizuka katika usambazaji huo: wananchi waliona magari ya vikosi yakipita na masanduku, wakaamini kura zinajazwa. Chama cha upinzani cha ACT-Wazalendo kilisema watu waliuawa kwa risasi. Jeshi la Polisi likatoa maelezo yake tofauti na kutangaza kukamata vijana. Asubuhi yake Maalim Seif, aliyekuwa mgombea urais wa chama hicho, alikamatwa na polisi alipokwenda kupiga kura siku hiyo ya mapema.

Funzo lake kwa kazi yetu ni hili. Mtu aliyesimama gizani pembezoni mwa barabara hawezi kujua kilichomo ndani ya gari. Anachoweza kukijua ni wakati, namba ya gari, na mlango lilipoingia. Basi mpangie kazi hiyo tu. Watu wawili, si kumi, wakae kwenye baraza ya nyumba inayotazama njia ya skuli, wakiwa na karatasi na tochi. Waandike: saa 5:20 usiku, gari namba fulani, limeshusha masanduku matatu, limeondoka saa 5:45. Wasilifuate gari. Wasilizuie. Wasiweke mawe wala magogo njiani. Gari lililozuiwa usiku huzaa risasi, na risasi haithibitishi chochote juu ya kura. Lililoandikwa litaulizwa asubuhi mbele ya mawakala wote, na msimamizi wa kituo atatakiwa kujibu kwa namba.

Kwa wazazi na wazee wa shehia: usiku huo vijana wasikusanyike karibu na kituo kwa jina la kulinda kura. Kura inalindwa ndani ya chumba na watu wawili au watatu wenye kalamu. Kundi la nje haliioni karatasi hata moja, nalo ndilo linaloleta mabomu ya machozi.

Asubuhi: kabla ya mtu wa kwanza

Kupiga kura huanza saa 1:00 asubuhi. Wakala afike saa 11:30 alfajiri, baada ya sala, akiwa amekunywa chai kwao. Achukue chupa ya maji, mkate au chapati mbili, kalamu tatu na daftari la mazoezi la skuli. Simu aulize kama inaruhusiwa ndani. Ajipange kana kwamba hairuhusiwi. Asivae kijani na manjano, asivae zambarau, wala kofia, khanga au fulana ya chama. Rangi moja tu inatosha kumtoa mtu kituoni, na kituo kikabaki bila jicho siku nzima.

Sanduku litaoneshwa tupu, kisha litafungwa kwa lakiri. Hapa usitazame kwa heshima ukitikisa kichwa. Inama, tia mkono, hakikisha. Andika namba ya kila lakiri, tarakimu kwa tarakimu, na msomee wakala wa chama kingine ulichoandika naye akusomee chake. Kura ya mapema ya sheria hii ni ya nafasi tatu za ZEC: Rais wa Zanzibar, Mwakilishi na Diwani. Kwa hiyo una masanduku matatu, na lakiri za masanduku matatu. Lakiri iliyoandikwa 0647 asubuhi na 0674 usiku imeshazaa ugomvi bila mtu yeyote kuiba kitu. Ni tarakimu zilizopishana kwenye daftari la wakala aliyechoka.

Kisha karatasi za kura. Andika namba ya mwanzo na ya mwisho ya kila kitabu, kwa nafasi zote tatu. Bila namba hizi hesabu ya jioni haina mguu wa kusimamia.

Kuhesabu vichwa kwa komwe

Usihesabu kwa kichwa. Ifikapo saa 5 mtu amesalimiwa, ameulizwa, amepisha mgonjwa, na hesabu imepotea. Chukua komwe hamsini za bao, zitie mfuko wa kulia. Kila mpiga kura anapotumbukiza karatasi yake ya mwisho, hamisha komwe moja kwenda mfuko wa kushoto. Mfuko wa kulia ukiisha, piga msitari mmoja mkubwa daftarini, rudisha komwe zote, anza upya. Jioni una misitari minne na komwe kumi na tatu kushoto: watu 213. Komwe hazizimiki kwa betri, hazigombwi na msimamizi, na mkono unazihamisha huku macho yako kwenye sanduku.

Daftarini chora safu tano: saa, waliofika, waliopiga, waliorudishwa, sababu ya kurudishwa. Jaza kila nusu saa. Kila saa kamili linganisha namba yako na ya karani anayeweka alama kwenye orodha. Mkitofautiana kwa mtu mmoja saa 3, mtampata: ni yule aliyekwenda kubadilishiwa karatasi iliyoharibika. Mkingoja mpaka saa 10 jioni, mnatofautiana kwa watu sita na hakuna anayekumbuka.

Iko hesabu nyingine, ambayo wakala mzuri huifanya kimya kimya. Kituo hufunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni, yaani saa tisa, dakika 540. Mtu mmoja kuonesha kitambulisho cha kupigia kura, kutafutwa kwenye orodha, kutiwa wino, kupewa karatasi tatu, kuingia kwenye kituturi (kibanda cha kupigia kura kwa siri) na kutumbukiza masandukuni, anachukua dakika mbili na zaidi kidogo akiwa mwepesi. Meza moja basi inapitisha watu 240 au kidogo zaidi kwa siku nzima bila kupumzika. Ukiambiwa jioni kwamba meza moja imepitisha watu 700, hiyo ni sekunde 46 kwa kila mtu, na daftari lako la kila nusu saa litaonesha kama mstari ulikwenda hivyo au haukwenda. Ndiyo maana safu ya saa haifai kuachwa tupu hata kama mtu hakufika: andika sifuri.

Yanayokwenda kombo, na la kufanya

Basi la askari. Saa 4 linafika gari la KMKM, JKU, Mafunzo, KVZ au Zimamoto, vikosi vya Serikali ya Zanzibar, wanashuka watu arobaini. Nje ya ukuta habari inaenea kwamba wameletwa kujaza kura. Inaweza kuwa ndio watu wenyewe ambao siku hii iliwekwa kwa ajili yao. Swali ni moja tu: orodha imebakiwa na wangapi? Ikiwa wamebaki 60, hao 40 wana nafasi yao. Ikiwa wamebaki 25, basi 15 hawana pa kuandikwa, na kila jina lililoongezwa kwa mkono chini ya orodha linahitaji maelezo na saini. Andika idadi ya walioshuka na idadi ya waliopiga. Usiseme neno "mamluki" chumbani. Ukilisema, mazungumzo yanahama kutoka kwenye orodha kwenda kwenye heshima ya askari, na hapo umeshashindwa.

Asiyekuwemo kwenye orodha. Huyu anaweza kuwa raia aliyesikia tangazo la chama chake kwamba aende apige kura leo. Siku hii si yake, hata awe mgombea, isipokuwa jina lake limo. Wakala wa chama chake ndiye anayefaa kumweleza, kwa upole, mlangoni: "Mjomba, yako ni kesho, kitambulisho kiweke vyema." Likisemwa na wakala wa upande wa pili, linaonekana ni kufukuzwa.

Siri ya kura. Ni jambo la kulipigania kuliko linavyopiganiwa. Mkubwa wa kikosi asisimame nyuma ya kituturi, asipokee karatasi, asiwahesabie vijana wake sandukuni. Askari naye ni mpiga kura mwenye moyo wake, na hakuna anayejua kura yake ila yeye na Mola wake. Ukiona mtu anafunua karatasi aoneshe kabla ya kutumbukiza, mwite msimamizi wa kituo pale pale, andika saa, usiandike alama aliyoweka.

Wakala kuzuiwa kuingia. Aombe sababu kwa maandishi. Asipopewa, aandike mwenyewe: jina la aliyemzuia au cheo chake, saa, maneno aliyoambiwa. Abaki nje kwa utulivu, ampigie mratibu wake, na aendelee kuhesabu vichwa kutoka nje. Hesabu ya nje si kamili lakini si bure.

Kwa jambo lolote kubwa omba fomu ya malalamiko. Kama hakuna, karatasi ya kawaida inafaa, nakala mbili, moja kwa msimamizi. Andika tukio moja kwa karatasi moja. Malalamiko yaliyochanganya mambo saba hujibiwa lile jepesi, mengine yakafa.

Kufunga, na usiku wa sanduku

Saa 10:00 jioni mlango unafungwa nyuma ya mtu wa mwisho aliyekuwa kwenye mstari. Sasa fanyeni hesabu pamoja, kabla hamjachoka zaidi. Tuseme kituo kilipokea karatasi 300 za Rais. Komwe na orodha zinasema waliopiga ni 213. Karatasi moja iliharibiwa ikabadilishwa. Zilizobaki kwenye vitabu ni 86. Jumlisha: 213, na 1, na 86, ni 300. Imefunga. Fanya hivyo kwa Mwakilishi na Diwani. Ikiwa orodha ilikuwa na watu 240, waliojitokeza ni 213 kwa 240, yaani asilimia 88.75. Isipofunga, msiondoke. Mara nyingi kosa liko kwenye kitabu kilichoanzwa kabla kingine hakijaisha.

Baada ya hapo mdomo wa sanduku unafungwa kwa lakiri nayo ina namba yake. Hii ndiyo namba ghali kuliko zote za siku. Omba pia mawakala waruhusiwe kusaini karatasi itakayobandikwa juu ya tundu, au kuweka lakiri ya chama. Andika: sanduku limeondoka saa ngapi, kwa gari gani, nani wamo ndani, limefika saa ngapi. Kutoka skuli mpaka pa kulala, muda wa njia unajulikana. Safari ya dakika ishirini iliyochukua saa mbili ina swali ndani yake, hata kama jibu ni pancha.

Kwa visiwa vidogo vyenye watu, kama Tumbatu, Kojani na Fundo, kuna jambo ambalo walioko mjini hawalifikirii: maji. Sanduku likitakiwa kuvuka na jioni hiyo maji yametoka, boti haigusi pwani; watu wanangoja, giza linaingia, na sanduku limekaa mchangani limezungukwa na mitutu na minong'ono. Tazama mapema kupwa na kujaa kwa tarehe ile, muulize mvuvi, na mpelekee msimamizi wa uchaguzi habari hiyo wiki nzima kabla. Wakala apande boti ile ile. Akikataliwa nafasi, aandike idadi ya waliopanda na saa ya kung'oa.

Wakala mmoja kwa kila chama akae karibu na pa kulalia sanduku kama atakavyoruhusiwa, kwa zamu ya saa tatu tatu. Wawili wa vyama tofauti wakikaa baraza moja na chupa moja ya kahawa, usiku huwa mfupi na taarifa zao asubuhi hufanana.

Mawasiliano yasitegemee intaneti. Tarehe 27 Oktoba 2020 mitandao kama WhatsApp na Twitter ilibanwa siku ile ile ya kura ya mapema, na tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilikatika nchi nzima. Panga njia ya pili: simu ya kawaida yenye salio, na njia ya tatu: kijana wa bodaboda anayejua nyumba ya mratibu, anayepeleka karatasi na kurudi na saini ya kupokea.

Namba za kujitokeza si matokeo

Ikiingia magharibi, mtu atasimama barazani na kusema: "Mapema wamejitokeza asilimia tisini, basi tumeshinda," na mwingine ataujibu ushindi huo kwa hasira. Wote wawili wanasoma kisichoandikwa. Waliojitokeza ni watumishi na askari, wengi wao wamepangiwa muda na wameletwa kwa gari. Kujitokeza kwao kwa wingi ni jambo la kutarajiwa, wala hakuoneshi joto la wananchi wa siku ya pili.

Fikra hii tunaipata kwa kutazama Marekani, na kule mambo ni mengine. Mwaka 2020 zaidi ya watu milioni 100 walipiga kura kabla ya siku yenyewe, kwa posta au kituoni, na majimbo kama Florida na Nevada huandikisha wapiga kura kwa chama, hivyo idadi ya waliojitokeza mapema hutolewa kwa chama chao. Hata huko wachambuzi huteleza, kwa sababu aliyeandikishwa chama fulani si lazima akipigie. Daftari letu halina chama cha mtu. Anayekwambia "waliopiga mapema ni wetu" amehesabu sare, hakuhesabu kura.

Kwa hiyo ukitoa taarifa usiku, toa hivi: kituo, waliomo kwenye orodha, waliopiga, waliorudishwa, malalamiko yaliyoandikwa. Usiweke neno "hali ni mbaya" wala "hali ni shwari". Video ya mtu anayekimbia isiyo na mahali wala saa usiisambaze, hata kama imetoka kwa ndugu yako.

Siku ya pili

Kabla ya vituo vya kawaida kufunguliwa, orodha ya waliopiga mapema, au angalau namba zao za usajili kadiri ulivyoruhusiwa kuziona, iwe mikononi mwa mawakala wa vituo walikoandikishwa watu hao. Wakala aulize kwa utaratibu: majina haya yamekatwa? Anayekuta jina halijakatwa aliseme kabla mwenyewe hajafika.

Yapo mazingira ya kuangaliwa kwa akili. Uchaguzi wa Rais wa Jamhuri ya Muungano na wa Wabunge una sheria yake na tume yake. Aliyepiga kura za ZEC jana anaweza kuonekana leo kituoni, kidole kina wino, amekuja kwa kura za Muungano. Vijana wakimwona watapiga kelele "anarudia!" Ulizeni jambo hili mapema, kwenye barua ile ya kwanza ikibidi, mpate jibu la maandishi la utaratibu wa watu hao, na wakala aangalie anapewa karatasi zipi. Akipewa za Muungano peke yake, hana kosa. Akipewa ya Rais wa Zanzibar, hapo ndipo pa kusimama.

Jioni, wakati wa kuhesabu, sanduku la mapema lilinganishwe kwanza na daftari: lakiri ya mdomo namba ile ile, lakiri nyingine namba zile zile, karatasi yenye saini haijachanika. Ndipo lifunguliwe. Zihesabuni karatasi kabla ya kuzitenga kwa mgombea. Kama sanduku la Rais lina 214 badala ya 213, msianze kupiga makelele. Hesabuni masanduku yote matatu. Jumla inatakiwa iwe 639. Ikiwa ni 639, mtu alitumbukiza karatasi ya Diwani kwenye sanduku la Rais na mtaiona kwa macho. Jumla ikizidi 639, hilo ni jambo zito: lisimamishwe, liandikwe, lisainiwe na wote waliomo kabla ya karatasi hata moja kutengwa.

Uharaka wa kuandika hapo hapo una sababu ya kisheria. Matokeo ya Mwakilishi yanaweza kupelekwa Mahakama Kuu. Ya Rais hayawezi: Katiba ya Zanzibar ya 1984 haiipi mahakama nafasi ya kuchunguza uchaguzi wa Rais aliyekwishatangazwa na Tume. Kwa hiyo kasoro ya kura ya mapema katika nafasi ya Rais ina maisha mafupi, kuanzia kituoni mpaka kutangazwa. Nakala ya fomu ya matokeo iliyosainiwa, daftari la nusu saa, na karatasi ya namba za lakiri viondoke kituoni kwa mikono miwili tofauti, kila mkono kwa njia yake, na vifike kwa mratibu wa jimbo kabla wakala hajakwenda kulala.